Kopi isiyomalizika si kopi

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za wahami wa vita, familia zilizowapokea na viongozi wa kartiye, huko Rwambuzi, mjini Bunia. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukiyafupisha kidogo, ili kamati nyingine ziyasome na kuyajadili.



Nimeombwa leo niongee juu ya kitu kidogo kinachokaa juu ya meza za kamati nyingi: diski ya nje, lile sanduku jeusi lenye ukubwa wa kitabu kinene, ambamo tunaweka picha za makaratasi, sauti na video. Najua baadhi yenu mnajiuliza: sisi tunakutana kwa ajili ya amani, mambo ya nyaya na mashine yanaingiaje hapa? Nipeni nafasi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha mtaona yanavyoingia.

Siku ile esansi ilipokwisha

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwandishi wa kamati moja ya wahami. Kwa miezi mingi tulikuwa tumekusanya mambo ya familia: picha za karti za elekta, za vyeti vya kuzaliwa, za makaratasi ya mashamba. Tulikuwa na sauti za wazee wakieleza mipaka: mti huu, kijito kile, jiwe lile. Tulikuwa pia na video za mikutano ambamo watu wa pande mbili walikubaliana mbele ya mashahidi. Yote pamoja yalifika Go 120. Tuliyapanga katika dosye, kila kijiji na dosye yake, majina yakifuatana kwa alfabeti.

Tuliamua kwamba kopi ya pili ikae kwa kamati ya upande mwingine, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba ukweli umefungwa katika nyumba moja. Lilikuwa wazo zuri. Jioni hiyo tulikuwa na esansi ya saa moja tu katika jenereta. Nikachomeka waya wa diski katika tundu la kwanza nililoliona kwenye ordinatere, kazi ikaanza. Saa moja ilipopita, jenereta ikanyamaza. Ordinatere iliendelea kuwaka kwa betri yake, lakini diski ilizimika palepale, kwa sababu diski ya mezani haina betri. Nilikuwa nimechoka, giza limeingia. Nikasema moyoni: bila shaka imemaliza. Nikaifunga katika kitambaa, nikaipeleka.

Baada ya majuma mawili wenzetu walikwenda kuifungua kwenye sekretaria ya mjini. Vijiji vya mwanzo wa alfabeti vilikuwamo vyote. Vijiji vinne vya mwisho havikuwamo. Na kwa bahati mbaya, vijiji hivyo vinne vilikuwa vyao. Mnaweza kufikiri walisema nini. Walisema: wametufuta. Neno hilo lilitembea sokoni, likafika kwenye kisima ambako wamama wanachota maji, likafika kwa vijana. Mkutano uliokuwa umepangwa haukufanyika. Ilitulazimu kukaa mara tatu na wazee, kufungua diski ya kwanza mbele ya macho ya wote, na kuonyesha dosye moja moja, ndipo watu wakakubali.

Hakuna mtu aliyefuta kitu. Esansi ilikwisha. Lakini mtu aliyechomewa nyumba atakubalije maneno mepesi kama hayo?

Baadaye nilipiga hesabu. Kwa tundu nililolitumia, kazi ile ilihitaji dakika 67. Mimi nilikuwa na dakika 60. Dakika saba tu! Na upande wa pili wa ordinatere ileile kulikuwa na tundu lingine, la rangi ya buluu. Kwa tundu hilo kazi ingekwisha kwa dakika 17. Sikulitazama, kwa sababu sikujua maana yake. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

Makaratasi ni kitu cha amani

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa Ituri tunalijua neno hilo kwa maumivu. Tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wengi sana walikimbia Djugu, na wengine walikimbia Irumu. Wengi waliondoka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Karatasi ilibaki katika nyumba, na nyumba ikaungua.

Mtoto akizaliwa, sheria yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha bure kwenye etasivili. Siku hizo zikipita, lazima kupitia korti. Je, familia iliyokuwa porini siku hizo ingefanyaje? Kwa upande wa udongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inataka cheti cha kuandikishwa, lakini tunajua kwamba mashamba mengi ya vijijini yanashikwa kwa desturi, na ushahidi wake ni kinywa cha mzee. Mzee akifa katika kambi, mpaka nao unakufa. Basi sauti yake iliyorekodiwa si mchezo. Na Mkataba wa Kampala wa Oktoba 2009, ule wa Umoja wa Afrika juu ya wahami wa ndani, unasema katika kipengele cha 13 kwamba serikali inapaswa kuwapa wahami vitambulisho vipya mahali pa vile vilivyopotea. Unapokwenda kuomba hicho kipya, picha ya cha zamani inasaidia kuonyesha jina lako, namba yako na mahali ulipozaliwa.

Nitaongeza mfano mmoja ambao wengi wanaufahamu. Tarehe 12 Februari 2003, video ilichukuliwa katika kambi ya Rwampara, karibu na hapa Bunia. Ilionyesha watoto katikati ya askari. Video ile ilihifadhiwa, ikafika La Haye. Tarehe 14 Machi 2012, mahakimu wa Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai walipotoa hukumu yao ya kwanza kabisa, juu ya watoto walioingizwa jeshini hapa Ituri, video ile ilikuwa mojawapo ya ushahidi walioutegemea. Miaka tisa ilipita katikati. Kitu kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kungoja miaka tisa. Kilichohifadhiwa nusu hakingoji hata majuma mawili.

Lakini tusidanganyane: picha ya karatasi si karatasi yenyewe. Mbele ya ofisi, cheti cha asili ndicho chenye nguvu. Kopi inakusaidia kukitafuta, kukifuatilia, kukiombea kingine. Aliye na cha asili akitunze sana.

Diski ya mezani na diski ya mfukoni

Kuna aina mbili za diski za nje. Ile ndogo ya mfukoni inapata umeme wake kwa waya uleule unaoiunganisha na ordinatere. Ile kubwa, ya mezani, inahitaji umeme wa volti 12, na tundu la USB la kawaida linatoa volti 5 tu. Ndiyo sababu inakuja na adapta yake ya ukutani. Bila adapta hiyo, diski ya mezani haigeuki.

Kutoka hapo tunapata mafundisho matatu. La kwanza: umeme ukikatika, ordinatere yenye betri inabaki hai lakini diski inakufa katikati ya kazi. La pili: adapta zinafanana kwa sura lakini hazifanani kwa nguvu. Adapta ya ordinatere nyingi inatoa volti 19; ukiichomeka kwenye diski ya volti 12, unaweza kuiunguza na kupoteza vijiji vyote kwa sekunde moja. Soma maandishi yaliyo juu ya adapta, kisha ifunge na diski yake kwa kamba ili zisiachane. La tatu: wanaotumia sola wasiunganishe diski moja kwa moja na betri ya gari au ya sola kwa sababu tu imeandikwa volti 12. Betri hiyo inapanda na kushuka, na ikiwa inachajiwa inaweza kupita volti 14. Tumieni kigeuzi cha umeme pamoja na adapta ya diski.

Kwa kamati inayohama mara kwa mara, diski ndogo ya mfukoni ni rahisi zaidi. Kwa kamati iliyokaa mahali pamoja na yenye mambo mengi, ile ya mezani inabeba zaidi kwa bei nafuu. Kila moja ina faida yake. La lazima ni kujua ipi mnayo.

Megabiti na megaokte

Sasa tuingie katika kasi. Kwenye katoni ya diski mtaona namba kubwa: 480, au 5, au 10. Watu wengi wanadanganyika hapa. Namba ya katoni inahesabu biti. Ordinatere zetu za Kifaransa zinahesabu okte, zikiandika Mo kwa megaokte na Go kwa gigaokte. Okte moja ni biti nane. Basi megabiti 480 kwa sekunde, ukizigawa kwa nane, ni megaokte 60. Na hata hizo 60 huzipati zote, kwa sababu sehemu ya safari inatumiwa na mashine kuelewana zenyewe. Mfano wake ni gunia la maharagwe: ukilipima na maganda yake utapata uzito mkubwa, lakini chakula ni kile kinachoingia katika sufuria.

Matundu tunayoyakuta hapa kwetu

Ordinatere nyingi tunazozitumia zilitoka mbali na zimepitia mikono mingi. Ndiyo maana tunakuta matundu ya kila namna. Nitayataja moja moja, na kasi mnayoweza kuitegemea kwa kweli, si ile ya katoni.

USB ya kwanza kabisa, megabiti 12. Iko kwenye mashine za zamani sana. Inapitisha karibu Mo 1 kwa sekunde. Kwa Go 120 ingetaka saa 33. Msiitumie kwa kazi hii.

USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, megabiti 480. Mara nyingi tundu lake ni jeusi au jeupe ndani. Inapitisha karibu Mo 30 kwa sekunde. Hii ndiyo niliyoitumia siku ile.

USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, gigabiti 5. Mara nyingi tundu lake ni la buluu ndani, au lina herufi SS pembeni. Hapa njia si tatizo tena. Diski yenyewe ndiyo inayoweka kikomo, kwa sababu ni sahani inayozunguka na ina mwendo wake. Tegemeeni Mo 100 mpaka 150 kwa sekunde, pengine zaidi diski ikiwa mpya. Baadaye waliibadilisha jina, wakaiita USB 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1. Ni kitu kilekile. Ile ya Gen 2 ni gigabiti 10, lakini kwa diski moja inayozunguka haitawapa kasi zaidi, kwa sababu sahani ni ileile.

FireWire, kwenye ordinatere za zamani za Apple na baadhi ya diski za miaka ya 2000. Ile ya 400 inapita USB 2.0 kidogo, ile ya 800 inafika karibu Mo 75 kwa sekunde. Kama mmepewa diski yenye tundu hilo, msiitupe. Tazameni nyuma, mara nyingi ina tundu la USB pia.

eSATA, tundu dogo bapa nyuma ya baadhi ya mashine kubwa za mezani. Ni la haraka, diski inatoa nguvu zake zote, lakini waya wake ni mfupi na haubebi umeme. Siku hizi halitengenezwi sana.

Thunderbolt, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011 kwa gigabiti 10, na toleo lake la tatu la mwaka 2015 likafika gigabiti 40. Ni njia pana sana, lakini diski yake ni ya bei kali. Kwa sahani moja inayozunguka, ni sawa na kufungua barabara ya lori kumi kwa baiskeli moja.

Kisha kuna diski inayounganishwa kwa waya wa mtandao, ili ordinatere kadhaa ziisome pamoja. Ikiwa vifaa vyote ni vya megabiti 100, mtapata karibu Mo 11 kwa sekunde. Vikiwa vya gigabiti 1, karibu Mo 100. Kifaa kimoja cha polepole katikati kinawapunguza wote. Kwa njia ya hewa, bila waya, kasi inapanda na kushuka kufuatana na kuta na umbali. Msiitumie kwa kopi kubwa.

Piga hesabu kabla ya kuwasha jenereta

Hesabu yenyewe si ngumu. Tazama ukubwa wa dosye zako kwa Go. Zidisha kwa 1000 ili upate Mo. Gawa kwa kasi ya tundu lako, unapata sekunde. Gawa kwa 60, unapata dakika.

Tuifanye pamoja kwa zile Go 120, ndizo Mo 120,000. Kwa USB 2.0, gawa kwa 30: sekunde 4,000, ni dakika 67. Kwa USB 3.0 yenye Mo 120 kwa sekunde: sekunde 1,000, ni karibu dakika 17. Kwa waya wa mtandao wa megabiti 100: karibu saa tatu. Na kwa intaneti? Ikiwa laini yenu inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, ni Mo 0.25. Go 120 zingetaka saa 133, ni zaidi ya siku tano mchana na usiku, bila kuhesabu pesa za unite. Kwa hiyo mtu akiwaambia mtume kila kitu kwa intaneti, mwonyesheni hesabu hii kwa heshima. Intaneti itumwe yale machache ya lazima; yaliyobaki yatembee ndani ya diski.

Ongezeni daima nusu ya muda juu ya hesabu. Kwa nini? Kwa sababu picha ndogo elfu nyingi zinakwenda polepole kuliko video moja kubwa ya uzito uleule. Kila faili ina kufunguliwa kwake, kuandikwa jina, kufungwa. Tena diski inayokaribia kujaa inapunguza mwendo, kwa sababu inaandika kwenye duara za ndani za sahani ambazo ni fupi. Mwishoni kasi inaweza kushuka karibu nusu ya ile ya mwanzo.

Mitego ambayo imewashika wengi

Mtego wa kwanza ni waya. Diski ya USB 3.0 ya mezani ina tundu la mraba lenye kichuguu juu. Waya wa zamani wa USB 2.0, ule wa printa, unaingia humo bila shida na diski inafanya kazi, lakini kwa kasi ya zamani. Tundu la buluu kwa ordinatere, tundu la buluu kwa diski, lakini waya wa printa katikati: mmerudi kwenye dakika 67. Lazima vyote vitatu viwe vya aina moja.

Mtego wa pili ni USB-C, ile ndogo ya mviringo ambayo haina juu wala chini. USB-C ni jina la umbo, si jina la kasi. Nyaya nyingi za kuchajia simu zina umbo hilo lakini zinapitisha megabiti 480 tu. Tumieni waya uliokuja na diski.

Mtego wa tatu ni kigawanyo, kile kinachofanya tundu moja kuwa manne. Diski mbili zikipita hapo pamoja, zinagawana njia moja.

Mtego wa nne ni namna diski ilivyopangwa ndani. Ikiwa ni FAT32, inakataa faili moja yenye zaidi ya Go 4. Video ya mkutano mrefu inaweza kupita hapo, ikabaki nje, na zilizobaki zikaingia. Kumbukeni kilichotokea kwa vijiji vinne. Diski ya kamati ipangwe kwa NTFS au exFAT, tena ipangwe kabla ya kuwekwa kitu, kwa maana kupanga upya kunafuta vyote vilivyomo. NTFS inavumilia zaidi umeme unapokatika ghafula, kwa sababu inaandika kwanza inachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Lakini hakuna mpango unaoweza kumaliza kazi ambayo haikumalizika.

Mtego wa tano ni haraka yetu. Asema mashini imemaliza, anachomoa. Mashini inaweza kuonyesha kwamba imemaliza huku sehemu ya mwisho ikiwa bado inaandikwa. Amuru kwanza diski iachiliwe kwa usalama, ngoja jibu, ngoja sahani isimame, ndipo unyanyue. Kamwe usisogeze diski ya mezani wakati inazunguka. Kichwa kinachosoma kiko karibu sana na sahani, na pigo dogo linaweza kuikwaruza.

Kuhakikisha mbele ya mashahidi

Sasa ninafika kwenye jambo linalogusa amani yetu moja kwa moja. Katika kamati niliyomo leo, baada ya aibu ile, tulikubaliana kwamba kopi haitolewi na mtu mmoja usiku. Inatolewa mchana, na watu watatu wanatazama: mmoja wa kila upande na mmoja wa familia zilizopokea wahami, angalau mmoja kati yao awe mama. Kwanza tunaandika idadi ya dosye, idadi ya faili na ukubwa wake. Kopi ikimalizika, tunazilinganisha namba. Zikitofautiana hata kwa faili moja, tunatafuta mpaka tuipate. Kisha tunafungua vitu kumi hapa na pale, na daima tunafungua dosye ya kwanza na dosye ya mwisho. Siku ile ningefungua dosye ya mwisho tu, ningeokoa mikutano mitatu na huzuni nyingi.

Halafu tunaandika PV fupi: tarehe, namba, majina ya waliotazama, sahihi zao. Kopi ya PV inakwenda pamoja na diski. Mtu akiuliza kesho kwa nini kitu fulani hakimo, tunaonyesha karatasi.

Kuna pia programu ndogo zinazosoma faili zote mbili na kutoa namba ya ulinganisho. Namba zikifanana, faili zinafanana. Kazi hiyo inataka muda karibu sawa na wa kukopi, maana inasoma yote upya. Kwa tundu la buluu ni dakika 17 na 17 nyingine: dakika 34. Bado mko ndani ya saa moja ya esansi. Kwa tundu jeusi mngehitaji zaidi ya saa mbili. Mnaona sasa kwamba kasi si mambo ya kujionyesha? Kasi ndiyo inayowapa nafasi ya kuhakikisha. Anayekopi polepole anakosa muda wa kutazama, na anayekosa muda wa kutazama anaomba kuaminiwa tu. Katika inchi iliyojeruhiwa, kuaminiwa tu ni kitu cha bei kali.

Nani ashike diski?

Mama mmoja aliniuliza juzi: je, orodha ya majina yetu ikianguka katika mikono ya wenye silaha? Aliuliza vizuri sana. Orodha inayoweza kumrudishia mtu shamba lake inaweza pia kuonyesha mahali anapolala. Kwa hiyo diski ifungwe kwa neno la siri linalofunga kila kitu kilichomo, si mlango wa ordinatere tu. Programu za kazi hiyo zipo, nyingine ni za bure. Kufunga namna hii kunaweza kupunguza mwendo kidogo kwenye mashine ya zamani. Liwekeni katika hesabu yenu. Neno la siri lisiandikwe juu ya diski wala lisikae kichwani mwa mtu mmoja. Tunaligawa sehemu mbili: nusu kwa upande mmoja, nusu kwa upande mwingine. Diski haifunguki mpaka wote wawili wakae pamoja. Na kila nusu ijulikane na watu wawili, maana binadamu anaugua, anahama, anakufa.

Msiweke jambo la mtu bila yeye kukubali. Mwelezeni itakaa wapi na nani ataona. Akikataa, mwacheni. Aliyepatwa na mabaya ana haki ya kunyamaza.

Na diski moja haitoshi. Sahani inazunguka, siku moja itasimama. Ziwe kopi tatu: moja ya kazi, moja kwa upande wa pili, moja mbali na mji. Kila miezi mitatu washeni zote, mzilinganishe. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na vumbi na jua la bati.

Ninamaliza

Wapendwa, mkienda nyumbani, sitaki mkumbuke gigabiti na megaokte zote. Kumbukeni mambo manne. Tazameni matundu matatu: la ordinatere, la diski, na waya ulio katikati. Pigeni hesabu ya dakika kabla ya kuwasha jenereta. Fungueni dosye ya mwisho mbele ya mashahidi. Na kopi zikae kwa pande zote mbili.

Vijana wanaojua mashine, nawaomba jambo moja. Kesho asubuhi nendeni kwa kamati zenu, geuzeni ordinatere, tazameni kama kuna tundu la buluu. Andikeni kwa kalamu pembeni yake: HAPA. Ni kazi ya dakika moja, na inaweza kuwaokoa watu na maneno kama yale niliyoyasikia: wametufuta.

Vijiji vile vinne vimo leo katika diski zote tatu. Niliviingiza mwenyewe, mchana, wazee wawili wakiwa wamekaa kushoto na kulia kwangu. Mmoja wao hakuwa amewahi kugusa ordinatere. Alipoona jina la kijiji chake limefunguka, akasikia sauti ya kaka yake marehemu ikitaja mpaka wa shamba, alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mwenzake wa upande wa pili: wewe pia umesikia. Yule akajibu: nimesikia.